Gia ya tatu inateleza jioni tu: je, giaboksi imekwisha?

"Nina Toyota Corolla NZE121 ya mwaka 2003, injini ya 1500, imetembea kilomita 214,000. Asubuhi nikitoka Kikuyu gia hubadilika bila shida. Jioni nikirudi, baada ya foleni ya Westlands, nikianza kupanda Kangemi, ikitoka gia ya pili injini inalia peke yake, mshale wa mizunguko unapanda hadi 3,500, halafu ya tatu inaingia kwa kishindo. Gari likiwa moto, hata R, gia ya kurudi nyuma, huchukua muda kabla haijashika. Hakuna taa iliyowaka. Fundi wa kwanza anasema giaboksi imekwisha, ninunue nyingine ya kutoka Japani pale Grogan, kwenye soko la vipuri Nairobi. Anataka shilingi 55,000 pamoja na kazi. Wa pili anasema nibadilishe oili tu. Wa tatu amenionya nisiiguse oili ya zamani, eti mpya itaua giaboksi. Nimsikilize nani?"

Usimlipe yeyote bado. Kila mmoja ameshika kipande cha ukweli, lakini katika maelezo yako sioni mahali ambapo fundi hata mmoja alivuta dipstiki ya giaboksi gari likiwa moto na injini ikinguruma. Kipimo hicho huchukua dakika tano na hakigharimu chochote. Hadi kifanyike, hukumu ya "imekwisha" ni kubahatisha kwa pesa zako.

Umeeleza dalili zako vizuri, na ndani yake tayari kuna mwelekeo. Ili uuone, tuingie kidogo ndani ya giaboksi yenyewe.

Giaboksi ya gari lako ni U340E, otomatiki ya gia nne. Haina klachi moja kubwa kama ya gari la manyuali. Ina pakiti kadhaa za klachi na breki, na kila pakiti ni sahani nyembamba zilizopangwa kwa kupishana: moja ya chuma kitupu, inayofuata imebandikwa kitambaa cha msuguano, zote zikiwa zimelowa oili. Kinachozibana sahani hizo ni oili yenyewe. Pampu inayozungushwa na injini huisukuma kwa nguvu, valvu bodi huigawa, na solenoidi hufungua na kufunga njia kwa amri ya kompyuta. Shinikizo la oili likipungua, pistoni haibani sawasawa, sahani zinateleza, injini inakimbia nayo magurudumu hayafuati. Huko ndiko kulia unakokusikia pale Kangemi. Kishindo kinachofuata ni sahani kushikana kwa ghafla wakati injini tayari iko kasi.

Sasa angalia gia zinazokusumbua. Ya tatu huingia kwa klachi ambayo hushika pia ya nne. R hutumia klachi nyingine pamoja na breki yake, sehemu ambazo hazihusiki kabisa na kuingia kwa gia ya tatu. Kama klachi ya gia ya tatu ingekuwa imeungua peke yake, R ingeshika kama kawaida, na ya nne ingeteleza pia. Vitu viwili visivyoshirikiana vinapolegea wakati mmoja, tafuta kile vinachokitegemea vyote viwili: oili na shinikizo lake. Hiyo ina maana ya oili kupungua, oili kuchoka, filta kuziba, solenoidi inayosimamia shinikizo kukwama, au pampu kuchakaa. Siwezi kufuta uwezekano kwamba sili za mpira za pistoni mbili zimekakamaa pamoja kwa uzee, maana gari lina zaidi ya miaka ishirini. Ila mahali pa kuanzia pako wazi.

Kwa nini jioni tu? Oili ikipata moto inakuwa nyepesi. Asubuhi, oili ikiwa bado nzito, inaziba nyufa: sili iliyokauka, tundu la valvu lililopanuka, vyote vinapitisha kidogo tu. Baada ya saa nzima ya kusogea na kusimama Westlands, konvata, kile kifaa kinachopitisha nguvu ya injini kwenda giaboksi kwa njia ya oili, imekuwa ikikoroga oili na kuipasha, rejeta haipati upepo wa kutosha, na oili hiyo nyepesi inapenya kila upenyo. Kama pia imepungua, pampu inaanza kufyonza hewa kwenye mwinamo wa barabara. Oili yenye hewa ni kama breki yenye hewa, unakanyaga na hakuna kinachobanwa.

Kabla ya kupima, hakikisha kwanza kwamba kweli inateleza. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na njia ya Kikuyu inapanda zaidi ya hapo. Injini isiyo na tabo hupoteza nguvu kiasi cha asilimia 15 hadi 20 kwenye mwinuko huo, kwa sababu hewa ni nyepesi. Ndiyo maana Corolla ya 1500 yenye watu wanne ikipanda Kangemi hushuka gia mara kwa mara na kulia, na hilo si ugonjwa. Tofauti iko kwenye mishale miwili: mizunguko ikipanda na kasi ikapanda nayo, gia imeshika na injini inafanya kazi yake. Mizunguko ikiruka kutoka 2,200 hadi 3,500 huku kasi ikibaki palepale, hapo inateleza. Maelezo yako yanaelekea hilo la pili, lakini mpe abiria jukumu la kutazama mishale ili wewe ubaki macho barabarani. Muulize pia kama ya nne inateleza. Ikiwa ya tatu ikishaingia inavuta vizuri mlimani na ya nne inatulia, kitambaa cha sahani bado kipo, na hiyo ni habari njema.

Kuna jambo jingine linalowatisha watu mwezi wa Juni na Julai. Asubuhi ya baridi, kompyuta ya Toyota huzuia gia ya nne hadi injini ipate joto, kwa hiyo gari huenda kilomita chache za kwanza likiwa na mizunguko mingi kuliko kawaida. Likiacha baada ya muda mfupi, hakuna kilichoharibika.

Haya, dipstiki. Endesha gari angalau dakika ishirini, ikiwezekana jioni wakati tatizo lipo. Oili inatakiwa iwe kati ya nyuzi 70 na 80 za selsiasi. Simama mahali tambarare kabisa, vuta handibreki, acha injini ikinguruma. Ukiwa umekanyaga breki, pitisha gia polepole kutoka P hadi L na kurudi P, ukitulia sekunde mbili tatu kila kituo ili oili ijaze njia zote. Kisha, injini ikiendelea kunguruma, vuta dipstiki ya giaboksi. Iko upande wa betri, usiichanganye na ya injini. Ifute kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, irudishe hadi mwisho, ivute tena usome. Oili iwe ndani ya alama za HOT. Alama za COOL ni za kukadiria tu baada ya kumwaga. Hapa ndipo mafundi wengi hukosea: wanazima injini kwanza. Injini ikizimwa, oili iliyokuwa kwenye konvata na njia za juu hurudi chini, dipstiki inaonyesha imejaa, kumbe gari likitembea imepungua.

Ukikuta imepungua, ongeza robo lita kwa wakati kwa faneli nyembamba kupitia bomba la dipstiki, na upime tena kila mara. Usijaze kupita kiasi. Oili ikizidi, gia zinazozunguka huikoroga ikawa povu, na povu huleta utelezi uleule unaoukimbia. Na ujue kwamba giaboksi haichomi oili kama injini inavyoweza kufanya. Ikipungua imevuja. Tazama sili za shafti za magurudumu ya mbele, ukingo wa sampu (bakuli la oili chini ya giaboksi), mipira inayopeleka oili kwenye rejeta, na mahali injini inapokutana na giaboksi. Kadibodi chini ya gari usiku mmoja itakuonyesha mahali.

Dondosha matone machache kwenye karatasi nyeupe ya tishu. Nyekundu au hudhurungi nyepesi isiyo na harufu kali ni ya kuokolewa. Hudhurungi iliyokolea ni oili iliyochoka, na kwa kilomita 214,000 hilo ndilo ninalolitarajia kwako. Nyeusi yenye harufu ya kitu kilichoungua, pamoja na chembe nyeusi zinazobaki kwenye tishu, ni kitambaa cha klachi kinachoelea. Ikiwa na rangi ya waridi yenye utando kama maziwa, acha kuendesha siku hiyohiyo: kipoza oili kilicho ndani ya rejeta kimetoboka na maji yameingia. Maji huachanisha gundi inayoshika kitambaa kwenye sahani, na kila kilomita unayoongeza huzidisha uharibifu usioweza kurekebishwa.

Sasa tuje kwa yule fundi wa tatu, kwa sababu onyo lake limesambaa sana na limewafanya watu wengi waende na oili ileile kwa miaka kumi. Oili mpya haiui giaboksi isiyo na ugonjwa. Kinachotokea ni hiki: mtu anaendesha hadi klachi zinaisha, oili inakuwa nyeusi na imejaa unga wa kitambaa, na unga huo unasaidia kidogo sahani zilizobaki zishikane. Gari likianza kuteleza ndipo anabadilisha oili. Mpya ni safi na laini, ule unga umeondoka, na klachi iliyokuwa imekufa inajionyesha. Oili inabebeshwa lawama ya ugonjwa ulioikuta. Hatari nyingine ya kweli ni mashine za kusukuma oili kwa nguvu, kwenye giaboksi ambayo haijawahi kuoshwa. Zinaweza kung'oa uchafu uliotulia na kuupeleka kwenye matundu madogo ya valvu bodi. Kwa hiyo kwa gari lako napendelea kumwaga na kujaza kwa kawaida, polepole, mara tatu.

Ukifungua nati ya chini haitoki oili yote, maana nyingi imebaki ndani ya konvata. Hutoka karibu lita 3. Tuseme jumla ni lita 7: mara ya kwanza unabaki na oili ya zamani asilimia 57, ya pili 33, ya tatu 19. Mara tatu, kila moja baada ya siku kadhaa za kuendesha, zinakupa zaidi ya asilimia 80 mpya bila kuishtua giaboksi. Pima kilichotoka kwenye chupa zenye alama na urudishe kiasi hichohicho, kisha malizia kwa dipstiki kama nilivyoeleza. Weka washa mpya (ringi ndogo ya kuzuia kuvuja) kwenye nati kila mara.

Katika mwaga wa kwanza, mwambie fundi ashushe sampu. Filta iko hapo, na ikiwa imeziba pampu inanyonya kwa shida, zaidi oili ikiwa moto. Sampu ina sumaku ndogo. Tope la kijivu laini kama dawa ya meno juu yake ni uchakavu wa kawaida wa miaka. Vipande vya chuma unavyoweza kuvishika kwa kucha, au magamba ya kitambaa yaliyotapakaa, vinasema mambo mengine na hapo usiendelee kununua oili. Uwepo mwenyewe sampu ikishushwa, upige picha. Fundi mwaminifu hatakataa.

Oili iwe Toyota Type T-IV, au nyingine ambayo chupa yake inaandika waziwazi kwamba inafaa mahali pa T-IV. Usikubali "ATF" (oili ya giaboksi otomatiki) ya jumla kutoka kwenye ngoma isiyo na jina, hata kama ni nyekundu. Wekundu ni rangi tu iliyotiwa. Kinachotofautisha oili hizi ni viungo vinavyoamua klachi ishike kwa upole au kwa ukali, na ukitia visivyo utapata mitetemo au vishindo. Nunua dukani kwa risiti, chupa zikiwa na sili zake. Na kama jirani yako ana Axio ya 2006 kuendelea, asiige hatua hizi: nyingi za 1500 zina CVT, ambayo huendesha kwa mkanda wa chuma na inataka oili yake maalumu. T-IV ndani ya CVT ni uharibifu.

Kama baada ya mwaga wa kwanza na filta safi utelezi umepungua nusu, uko njiani. Endelea hadi wa tatu kabla hujaamua lolote. Ikiwa hakuna kilichobadilika, tunapanda ngazi.

Kwanza pima ucheleweshaji kwa simu yako. Oili ikiwa moto, mahali tambarare, handibreki imevutwa, mguu kwenye breki, AC imezimwa: toa N kwenda D na uhesabu hadi uhisi gari limeshika. Kipimo cha Toyota ni chini ya sekunde 1.2. N kwenda R ni chini ya sekunde 1.5. Pumzika dakika moja kati ya kipimo na kipimo, fanya mara tatu, chukua wastani. D ikiwa sawa na R ikachelewa, tatizo linaelekea kwenye klachi au sili za R. Zote mbili zikichelewa, shinikizo la jumla ni dogo. Andika namba hizo. Ukimpelekea fundi namba badala ya "inachelewa chelewa", atakuheshimu na hatakuzungusha.

Pili, gari lisomwe kwa mashine. Kutowaka kwa taa si ushahidi kwamba kompyuta haina la kusema, kwa sababu baadhi ya kasoro hubaki kwenye kumbukumbu bila kuwasha taa. Hakikisha pia taa ya O/D OFF, ile inayowaka ukizima gia ya nne kwa kitufe, yenyewe haijaungua: washa swichi bila kuwasha injini, kisha bonyeza kitufe cha O/D, taa iwake na kuzimika. Katika Toyota nyingi za wakati huo, taa hiyo ikimetameta kompyuta imegundua kasoro kwenye giaboksi. Namba kama P0750 na P0755 zinaelekeza kwenye solenoidi za kubadilisha gia. Vile vifaa vidogo vya Bluetooth vya bei nafuu mara nyingi havisomi vizuri magari yaliyotengenezewa soko la Japani, kwa hiyo nenda kwa fundi wa umeme mwenye mashine inayoingia kwenye kompyuta ya Toyota hadi upande wa giaboksi. Solenoidi ikipatikana na kasoro, hubadilishwa bila kushusha giaboksi nzima.

Tatu, na hiki ndicho kipimo ambacho ningependa ufanye kabla ya kuruhusu giaboksi ishushwe: geji ya shinikizo. Kwenye mwili wa giaboksi kuna nati ya kufungia geji, na shinikizo hupimwa injini ikinguruma kwenye D na R, oili ikiwa moto. Likiwa dogo kote, angalia filta, pampu, au solenoidi ya shinikizo. Likiwa sawa na klachi bado inateleza, ugonjwa uko ndani ya klachi au sili zake, na hapo fundi wa kwanza atakuwa na haki. Jaribio la kukanyaga breki na mafuta pamoja hadi mwisho usilifanye mwenyewe. Linapasha oili kwa sekunde chache kupita kiasi, na hata fundi asizidishe sekunde tano.

Njiani humo, usisahau mauntingi za injini, yaani mipira inayoishikilia kwenye bodi. Ikiwa moja imepasuka, kuingiza D au R hutoa kishindo kinachofanana kabisa na cha giaboksi. Haielezi mshale wako kupanda hadi 3,500, lakini inaweza kuwa inakuza kishindo. Plagi au koili iliyochoka nayo hufanya gari litetemeke kwenye gia za juu, na watu wamenunua giaboksi kwa sababu ya koili moja.

Tukifika kwenye kufungua, una njia mbili. Kukarabati ni kuweka seti mpya ya sili na sahani za klachi, kusafisha valvu bodi, na kukagua pampu na konvata. Ukimpata fundi anayefanya kazi hiyo kila wiki, katika meza safi, unajua kilichomo ndani. Akifanya nusu nusu, akabadilisha sahani zilizoungua na kuacha sili za zamani, utarudi. Giaboksi ya mtumba ni ya haraka, ila unanunua umri na mileji usiyoijua, na inaweza kuwa na sili zilizokakamaa kama zako. Kwa gari la thamani ya lako, mtumba mara nyingi huwa na maana kiuchumi, mradi uhakikishe mambo kadhaa. Namba ya giaboksi ilingane na iliyo kwenye bamba la gari lako, soketi za waya zifanane, na oili iliyobaki ndani inuse kabla hujalipa. Mwenye duka aandike siku za dhamana kwenye risiti. Sili ya mbele na za shafti ziwekwe mpya giaboksi ikiwa bado chini, kwa kuwa baadaye utalipa kazi nzima upya kwa ajili ya sili moja. Kipoza na mipira yake vioshwe, na ikiwa ya zamani ilijaa chuma, badilisha rejeta, la sivyo uchafu wa iliyokufa utaingia katika mpya.

Kuna kosa moja la kufunga linaloua giaboksi nzuri kabla haijatembea mita moja. Konvata lazima izame hadi mwisho kwenye pampu. Ikizungushwa kwa mkono huku ikisukumwa hushuka hatua kwa hatua. Giaboksi ikisogezwa kwenye injini, ikutane nayo kwa kusukumwa na mkono bila bolti kuivuta, na konvata ibaki ikizunguka huru. Fundi akianza kukaza bolti ili kuziba mwanya, mzuie. Hapo anavunja pampu.

Wakati unapofanya haya yote, gari linaweza kutumika kwa upole ikiwa oili imefika kiwango na haina harufu ya kuungua. Ikianza kulia, legeza mguu, usilazimishe, maana sahani zinazoteleza huungua kwa dakika chache. Usiteremke na N ukidhani unaipumzisha: unapoteza nguvu ya injini ya kusaidia breki na huipi giaboksi faida yoyote. Acha kabisa kuendesha ikiwa ya nne inaanza kuteleza, D ikikataa kushika, ukisikia mlio wa kusaga, au oili ikigeuka maziwa. Na gari likikuzimikia barabarani, usikubali kuvutwa kwa kamba magurudumu ya mbele yakiwa chini. Injini ikiwa imezima pampu haizunguki, gia zinazunguka kavu, na utafika gereji na ugonjwa ambao hukuwa nao. Agiza lori la kubeba gari, au la kuinua magurudumu ya mbele.